Dispacha Hakai Mnarani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Kazi za Chumba cha Operesheni

Kijana wa Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe anayetaka kazi katika usafiri wa anga kwa kawaida huzijua kazi tatu tu: urubani, uhudumu wa ndani ya ndege na ufundi. Kazi za chumba cha operesheni, yaani ile ya afisa wa operesheni za safari, ambaye kazini huitwa dispacha, na ile ya mpanga rosta, yaani ratiba ya zamu, ya marubani na wahudumu, hujulikana zaidi kwa uvumi. Uvumi huo una gharama, kwa sababu wapo wanaolipia kozi isiyowafaa, na wapo wanaoupita mlango uliokuwa wazi kwa kudhani kuwa ni wa makarani.

«Dispacha ni mwongoza ndege»

Mwongoza ndege, katika Kenya na Tanzania, huajiriwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na kazi yake ni kuzitenganisha ndege zote zilizo katika eneo lake, ziwe za shirika lolote. Dispacha huajiriwa na shirika la ndege na hushughulikia safari za shirika lake peke yake. Huchagua njia, hukokotoa mafuta, husoma utabiri wa hali ya hewa wa uwanja wa kuondokea, wa kutua na ule wa mbadala, yaani wa kukimbilia kutua kukishindikana, hupitia matangazo ya tahadhari kuhusu barabara za kurukia zilizofungwa au taa zisizowaka, kisha huuwasilisha mpango wa safari kwa waongoza ndege.

Wala kazi yake haiishi ndege inapopaa. Safari ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15, muda ambao utabiri uliosomwa kabla ya kuondoka unaweza kubadilika kabisa, na mtu aliye chini ndiye anayepaswa kuendelea kuufuatilia na kumpasha nahodha habari. Anga ya Sudan ilipofungwa mwezi Aprili 2023 kwa sababu ya vita, safari za Afrika Mashariki kwenda Ulaya zilizokuwa zikipita huko zililazimika kuzunguka, na kila dakika iliyoongezeka ilikuwa pia mafuta yaliyoongezeka na muda wa kazi wa marubani ulioliwa.

Anayetafuta kazi Uingereza asome tangazo kwa makini, kwani huko cheo cha dispacha mara nyingi hupewa anayesimamia ndege ikiwa imeegeshwa, wakati mizigo inapakiwa na abiria wanapanda. Nayo ni kazi ya kueleweka, lakini siyo hii.

«Kompyuta ndiyo inayopanga kila kitu»

Ni kweli kwamba hakuna anayekokotoa safari nzima kwa kalamu siku hizi. Hata hivyo programu hutoa jibu la swali iliyoulizwa, na swali hilo huulizwa na mtu. Mfano mzuri ni mafuta, ambako wanaoanza huamini kwamba kujaza zaidi ni usalama zaidi. Kanuni za kimataifa zinataka mafuta ya kutembea ardhini, ya safari yenyewe, ya dharura ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya yale ya safari, ya kufika uwanja wa mbadala, na akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti. Kinachozidi hapo ni uamuzi, na uamuzi huo una uzito wake hasa: kubeba mafuta ya ziada huyateketeza yenyewe, kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 4 kwa kila saa ya kuruka. Uwanja wa Embakasi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mchana wa joto uzito ambao ndege kubwa inaweza kupaa nao hupungua. Siku ya namna hiyo tani moja ya mafuta yasiyohitajika huweza kuwa tani moja ya maua iliyobaki ghalani. Kwa upande mwingine, asubuhi ambayo ukungu umeifunika Nairobi na ndege kadhaa zinataka kukimbilia Mombasa au Kilimanjaro kwa pamoja, aliyebana mafuta usiku uliotangulia atakuwa amemwachia nahodha nafasi finyu ya kungoja. Programu haibebi lawama ya lolote kati ya hayo mawili.

«Kupanga rosta ni ukarani»

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa dawati la rosta ndilo ambalo mtu asiye na leseni yoyote ya anga anaweza kuajiriwa na kuujua mwendo wa shirika kutoka ndani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, halijaiwekea kazi hiyo leseni. Hilo halimaanishi kwamba ni nyepesi.

Kila jina linalowekwa kwenye safari lazima lipite maswali mengi: je, rubani huyu ana idhini ya aina hii ya ndege, cheti chake cha afya bado ni hai, viza yake inamruhusu kuingia aendako, amepumzika kwa muda unaotakiwa, na atabakiwa na saa ngapi mwezi huu? Kila nchi huweka mipaka yake. Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 mfululizo, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka wa kalenda. Nchini Marekani sheria ya uchovu wa marubani ilikazwa kuanzia Januari 2014, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 iliyoua watu 50, na sasa rubani hupewa angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu.

Rosta yenyewe huandikwa wiki kadhaa kabla, na ikiwa kila kitu kingekwenda ilivyoandikwa, huenda ingekuwa ukarani kweli. Kazi huanza inapovunjika. Ndege ya jioni ikicheleweshwa saa nne na hitilafu, wafanyakazi wake wanaweza kuishiwa muda wa zamu kabla haijaondoka. Mpanga rosta humtafuta aliye stendibai, yaani anayesubiri kuitwa, lakini kumhamisha huyo kunaacha pengo kwenye safari ya alfajiri, na pengo hilo nalo linataka mtu aliyelala vya kutosha. Mwezi Desemba 2022 dhoruba ya baridi iliipiga Marekani, na mashirika mengine yalipojikwamua baada ya siku chache, Southwest Airlines ilifuta karibu safari 16,700, sehemu kubwa ikiwa ni kwa sababu mfumo wake wa kuwapanga wafanyakazi ulishindwa kwenda na mabadiliko, na watu wakalazimika kuunganisha wafanyakazi na ndege kwa simu. Mwaka uliofuata serikali iliitoza adhabu ya dola milioni 140. Dawati la makarani haliwezi kulisimamisha shirika kiasi hicho.

Niongeze kwamba kazi hii huipima tabia ya mtu kuliko ile ya dispacha. Kumpigia nahodha saa tisa za usiku, kumwambia kwamba mapumziko yake ya mwisho wa wiki yamebadilika, na kukubali kwa utulivu anaposema amechoka na hawezi kuruka, ni mambo yasiyofundishwa na kozi yoyote.

«Ukishapata leseni, umepata kazi»

Kwa viwango vya ICAO, mwombaji wa leseni ya afisa wa operesheni za safari awe ametimiza miaka 21, awe amemaliza kozi iliyoidhinishwa au ana uzoefu unaokubalika badala yake, na awe amefanya kazi chini ya usimamizi wa afisa mwenye leseni kwa angalau siku 90 za kazi ndani ya miezi sita kabla ya kuomba. Chuo cha East African School of Aviation cha Nairobi hutoa kozi hii. Kizuizi hasa ni siku 90, kwa sababu chuo hakina ndege za kuzipanga. Ni lazima shirika likupokee, na mashirika hupokea wachache. Ndiyo maana kabla ya kulipa karo inafaa kuuliza chuo kina makubaliano na mashirika gani. Mtu aliyekwisha kuajiriwa kwenye dawati la rosta au la mizigo huwa amekaa hatua chache tu kutoka kwa msimamizi anayemhitaji.

«Lazima uwe na macho ya rubani»

Hapana. Viwango vya ICAO haviitaki leseni hii iwe na cheti cha afya, tofauti na za rubani na mwongoza ndege.

«Leseni ya nyumbani itatumika Marekani»

Marekani hutoa cheti chake yenyewe. Mtihani wa maandishi unaweza kufanywa ukiwa na miaka 21, lakini cheti hutolewa ukitimiza 23, na kozi iliyoidhinishwa haipungui saa 200. Ndugu zetu walioko huko waelewe pia kwamba uzito wa sahihi ya dispacha hubadilika: kwa mashirika makubwa ya abiria yenye safari za ratiba, sheria ya Marekani humfanya dispacha awajibike pamoja na nahodha kwa maandalizi ya safari, na mmoja wao asiporidhika kwamba safari ni salama, ndege haiondoki.