Je, tumbili akimwona chui husema "chui"?

Hapana. Inasimuliwa sana kwamba tumbili wana maneno matatu: la chui, la tai na la nyoka. Milio hiyo mitatu ipo kweli na imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Kosa ni kuiita maneno. Akili inayoonekana hapa ni kubwa, ila iko zaidi kwa anayesikia kuliko kwa anayelia.

Habari hizi zilianzia Amboseli, Kenya. Mtafiti Thomas Struhsaker aliieleza milio hiyo katika miaka ya 1960, lakini swali moja lilibaki: tumbili wakikimbia baada ya kamsa kupigwa, wamekimbizwa na mlio, au na wao wamemwona chui? Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walilijibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980. Walirekodi milio, wakaficha spika kichakani wakati hakuna adui karibu, kisha wakawapiga picha za filamu tumbili kabla na baada ya kuucheza mlio. Kwa kamsa ya chui, waliokuwa chini walipanda mtini. Kwa kamsa ya tai, walitazama juu au kukimbilia vichakani. Kwa kamsa ya nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani, kwa sababu chatu huwinda kwa kuvizia, na akishaonekana hana faida tena. Watafiti walibadilisha hata urefu wa mlio na nguvu ya sauti. Majibu yakabaki yale yale. Na kukosea kuna gharama: kichaka kinachomficha tumbili asionwe na tai ndicho anamojibanza chui.

Hapo ndipo wengi walipohitimisha kwamba mlio wa tai ni jina la tai. Ushahidi wenye nguvu zaidi wa kupinga hilo ulitoka Senegal, ambako wanaishi ndugu wa tumbili wetu, spishi iliyotengana nao takriban miaka milioni 3.5 iliyopita. Watafiti walirusha droni juu yao, kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Wakapiga kamsa mara moja, kwa mlio uliofanana ajabu na ule wa tai wa Afrika Mashariki. Hakuna aliyewafundisha, wala hawakuwa na nafasi ya kukubaliana kuita droni hivi au vile. Umbo la mlio limezaliwa nao. Utafiti huo wa mwaka 2019 ulionyesha jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: waliposikizishwa baadaye mngurumo wa droni peke yake, walitazama angani. Kukutana nayo mara moja au mara chache tu kuliwatosha kujifunza sauti ile ina maana gani.

Fikiria pilipili inayokaangwa jikoni. Aliye jikoni anakohoa. Aliye sebuleni, hata kama hajanusa chochote, anajua ni pilipili, kwa kuwa kikohozi hicho si kile cha mafua, na anakwenda kufungua dirisha. Taarifa kamili imefika, tena imezaa uamuzi sahihi, na aliyekohoa hakukusudia kumwambia mtu kitu. Hakuna aliyejifunza kukohoa. Kilichojifunzwa ni kukifasiri kikohozi. Mfano huu una mpaka wake: mtu hukohoa hata akiwa peke yake, ilhali tumbili aliye peke yake huweza kukimbia chui bila kutoa sauti. Kwa hiyo mlio si kama kikohozi moja kwa moja. Kuwapo kwa wenzake kunauchochea.

Mgawanyo huo unaonekana wazi kwa watoto wa tumbili. Mtoto hupiga kamsa ya tai kwa ndege wasio na madhara, na hata kwa jani linaloanguka, lakini hata siku moja haitoi kwa chui. Ana makundi matatu tangu mwanzo; anachojifunza ni kuyapunguza hadi yabaki maadui wa kweli. Katika kusikia, anaanzia mbali zaidi. Akiwa na miezi 3 au 4, hukimbilia kwa mama yake kwa kamsa yoyote. Kufikia miezi 6 au 7 anajibu kama mkubwa, na watoto wanaomtazama kwanza tumbili mkubwa hukosea mara chache zaidi.

Masikio haya hayaishii kwa tumbili wenzao. Kwezi maridadi, ndege mwenye rangi ya buluu na tumbo la chungwa, ana mlio mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini. Tumbili wa Amboseli wanaitofautisha milio hiyo, ingawa hawawezi kutoa hata mmoja.

Inafaa kuongeza kwamba milio yenyewe haina mipaka mikali kama inavyosimuliwa. Uchambuzi wa sauti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba milio inayofanana na ile ya kamsa hutolewa pia makundi mawili yanapogombana. Msikilizaji hategemei sauti tu. Anaangalia yuko wapi na nini kinaendelea.

Mtoto wa binadamu ana uhuru mkubwa upande wa kutoa sauti pia. Akilelewa Namanga au Osaka, ataongea lugha ya hapo. Atasema "chui hayupo" na "chui alipita jana". Tumbili hana mlio wa kukanusha wala wa jana. Koo si kizuizi kikuu: vipimo vya eksirei kwa nyani wa jamii ya makaki, mwaka 2016, vilionyesha kwamba koo na mdomo wake vingeweza kutoa vokali za kutosha kwa usemi. Kinachokosekana ni ubongo wa kuviongoza.

Ila mpaka huo haupiti mahali pamoja kwa jamii zote. Katika msitu wa Budongo, Uganda, watafiti waliweka nyoka wa bandia njiani kwa sokwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba sokwe aliyemwona alielekea zaidi kupiga kamsa pale wenzake walipokuwa hawajamwona. Huyo anaonekana kuzingatia mwenzake anajua nini, jambo ambalo kwa tumbili bado halijathibitishwa.