Tobogani ilikuwa ndefu kiasi gani?

Kazi yangu ni historia simulizi. Hapa Lubumbashi nakusanya kumbukumbu za bustani za michezo ya watoto zilizokuwa kwenye makambi ya wafanyakazi wa mgodi. Zimefungwa zamani, na nyingi hazina hata alama. Wanafunzi wanaonisaidia hurudi na swali lilelile: watu wawili wamekulia barabara moja, lakini kila mmoja anaeleza bustani yake. Tumwamini nani?

Kwanza tukumbuke zilivyokufa. Enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa ukoloni, na baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, mfanyakazi alipewa nyumba, shule ya watoto, hospitali, posho ya unga, na mahali pa watoto kuchezea. Ndiyo maana wazee husema kampuni ilikuwa baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Katika hali hiyo nani angenunua mnyororo mpya wa bembea? Hakuna aliyetangaza kwamba bustani zinafungwa. Mnyororo ulikatika ukaachwa hivyo, baadaye mabomba yakakatwa yakauzwa mitraye, yaani chuma chakavu. Picha ni chache mno. Nyaraka tulizonazo ni vichwa vya watu, na watu hao wanazeeka.

Sasa vipimo. Mama mmoja aliniambia kuhusu tobogani, yaani mtelezo wa chuma wa watoto: "Ilikuwaka murefu, inapita nyumba. Ukipanda, unaona mpaka ku shemine." Shemine ni bomba refu la moshi la kiwanda. Mwanafunzi wangu alitaka kuandika pembeni kwamba mama anatia chumvi. Nilimzuia. Tuseme tobogani ilikuwa na kimo cha mita 2.5. Mtoto wa miaka mitano ana kama mita 1.10, kwa hiyo chuma kile kilimzidi urefu zaidi ya mara mbili. Kwa mtu mzima wa mita 1.70, ni sawa na kusimama chini ya kitu cha karibu mita 4. Mama hakudanganya, alinipa kipimo kilichochukuliwa na mwili wa miaka mitano. Hicho nakiandika kama kilivyo, kisha natafuta misingi ya saruji ardhini ili nipate kipimo cha pili. Vyote viwili ni vya historia.

Umri pia una mipaka yake. Kumbukumbu ya kwanza ya watu wengi ni ya miaka mitatu na nusu hivi, na kabla ya miaka saba huwa ni vipande vipande. Mtu akinieleza siku nzima ya bustani, asubuhi hadi jioni, akiwa na miaka miwili, najua anasimulia kwa mdomo wa dada yake mkubwa. Si aibu. Mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs aliandika mwaka 1925 kwamba tunakumbuka tukiwa ndani ya kundi, na familia ndilo kundi la kwanza.

Kundi hilohilo linaweza kupanda kitu kisichokuwepo. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Mmarekani Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu tangazo la Disneyland lenye sungura Bugs Bunny. Baadaye baadhi yao walikumbuka kwamba walipokuwa watoto walimpa mkono pale Disneyland. Haiwezekani: Bugs Bunny ni wa kampuni nyingine, Warner Bros., si wa Disney. Kwa hiyo simulizi iliyojaa rangi na sauti haijathibitika kwa sababu tu inasisimua.

Mimi hutumia majira ya hapa kwetu kupima. Namuuliza mtu: chuma kilikuwaje chini ya mapaja? Juni na Julai asubuhi Lubumbashi ina baridi kali, chuma kinauma kwa ubaridi. Oktoba, kabla ya mvua kushika, kinaunguza. Mtu mmoja alisema walicheza pale wakati wa vakansi kubwa, yaani likizo ndefu ya shule, Julai na Agosti, kisha akaeleza walivyokalia maua ya jakaranda ili wasiungue. Jakaranda huchanua Septemba na Oktoba. Tulipozungumza polepole, akagundua mwenyewe kwamba ameunganisha nyakati mbili: vakansi, na mchana mwingine alipotoroka darasani. Sikufuta hata moja. Nimepata matukio mawili badala ya moja, na la pili hakuwa amelisimulia kwa mtu.

Waliokuwa watoto Chicago wana bahati fulani. Bustani yao ya burudani ya Riverview, iliyofunguliwa 1904 na kufungwa 1967, imeacha picha, ramani na kadi za posta, na mzee akibisha anaweza kuonyeshwa. Sisi tuna makundi ya WhatsApp ya waliokuwa majirani kambini. Nayapenda, yanawarudisha watu pamoja. Ila baada ya wiki moja ya kuandikiana, wote wanakumbuka bembea ya rangi ileile, na hapo siwezi tena kujua nani aliiona.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyekulia kambini: kabla hujamuuliza kaka yako, jirekodi peke yako kwenye simu. Usianze na uzuri wa mahali. Sema uliingia upande gani, nani alikufukuza jioni, mikono ilinuka nini ukiachia mnyororo, na miguu ilitua juu ya mchanga, majani au saruji. Taja mwaka wako wa kuzaliwa na jina la kambi. Kaka yako naye ajirekodi peke yake. Zikipingana, nileteeni zote mbili.