Kumuuguza rafiki aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: maswali na majibu

Shoga yangu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja wiki tatu za mwanzo. Mengi ya maswali yaliyo hapa chini nilijiuliza mwenyewe siku zile, na mengine niliulizwa na jamaa na majirani waliokuja kumjulia hali. Kila hospitali humpa mgonjwa wake ratiba ya chakula na dawa, na pale ratiba hiyo inapotofautiana na maelezo haya, ifuatwe ratiba ya hospitali.

Upasuaji huu hufanya nini hasa mwilini?

Aina mbili ndizo zinazofanyika zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, akabakisha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye kubeba mililita 30 hivi, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Hapa nchini upasuaji huu hufanyika katika hospitali chache, ikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Mara nyingi daktari hupitisha kamera na vifaa katika matundu madogo, ndiyo maana jirani anayekuja kumtazama mgonjwa huona vidonda vichache vidogo akadhani hakikufanyika kitu. Ndani ya tumbo, hata hivyo, kuna mshono mrefu wa pini ndogo za chuma ambao haujapona, na mshono huo ndio sababu ya karibu kila katazo utakalolisoma humu.

Si kila mwenye mwili mkubwa hufanyiwa upasuaji huu. Madaktari hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na tangu mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 kipimo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kipimo hicho hadi 35, na kwa mwenye maradhi kama kisukari wakasema anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Kwa hiyo aliyefika chumba cha upasuaji amepimwa na kushauriwa, na kumwambia kuwa amekimbilia njia rahisi ni kumwonea.

Anatoka Dar es Salaam kwa gari. Safari iwe vipi?

Asafiri baada tu ya daktari kumruhusu. Hatari kubwa ya kukaa kitako muda mrefu ni damu kuganda katika mishipa ya miguu, kisha bonge hilo likapanda hadi mapafuni. Barabara ya Tanga ni kilomita 350 hivi, na basi halisimami kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo mkiweza changeni mkodi gari dogo. Simameni kila baada ya saa moja au mbili, Chalinze, Mkata, Segera, Muheza, ashuke atembee dakika chache. Akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu na anywe maji kwa mafundo madogo. Iwapo ameandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, zisiachwe kwa sababu tu amefika nyumbani na anajisikia vizuri.

Wiki za mwanzo nimpikie nini?

Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapokosea zaidi, kwa sababu tumelelewa kuonyesha mapenzi kwa chakula. Mgonjwa akiingia nyumbani tunataka apate wali wa nazi na samaki wa kupaka, na akikataa tunaona ametudharau. Kwa mtu huyu, kijiko kimoja cha ziada kinaweza kumletea maumivu na kutapika.

Siku moja au mbili za mwanzo ni maji na vinywaji vyepesi visivyo na sukari, pamoja na supu iliyochujwa. Kisha, mpaka mwisho wa wiki ya pili hivi, huongezwa vinywaji vizito kiasi kama maziwa, mtindi mwepesi na uji mwembamba uliochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa hadi vikawa laini kabisa. Baada ya hapo huja vyakula laini vya kupondwa kwa uma, na vyakula vya kawaida hurudi polepole kuanzia wiki ya sita hadi ya nane.

Bahati yetu ni kwamba jiko la Tanga lina vingi vinavyomfaa. Mchuzi wa chukuchuku, wenye ndimu na chumvi kidogo bila pilipili, ukichujwa vizuri ni kinywaji chema cha siku za mwanzo. Inapofika hatua ya kusaga, samaki yuleyule huchambuliwa miiba kwa vidole, kipande kwa kipande, kisha husagwa pamoja na mchuzi wake. Mayai, dengu na choroko zilizoiva sana hufuata. Lengo la kila siku kwa kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8 hivi, kwa hiyo utaona kwamba hakuna nafasi ya kupoteza tumbo dogo kwa vitu visivyojenga mwili. Aanze na protini, mboga zifuate, na wanga uje mwisho kama bado pana nafasi. Ugali, wali, mkate na chapati huwasumbua wengi hata baada ya miezi, kwa sababu hushikana vikawa bonge.

Kwa vipimo nilitumia kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono vya wauza kahawa wa barazani. Nilipima kwa bomba la sindano nikakuta changu kinabeba mililita 60, nikamwekea shoga yangu kikombe hicho na kijiko cha mtoto. Alichukua robo saa kukimaliza, na mimi nilijifunza kukaa bila kumwambia kitu.

Maji je? Joto la Tanga ni kali.

Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini. Anahitaji angalau lita moja na nusu kwa siku, lakini hawezi kupiga funda kubwa, kwa hiyo chupa iwe mkononi mwake tangu asubuhi. Asinywe pamoja na chakula. Asubiri dakika 30 baada ya kula. Soda na vinywaji vyenye gesi aviache, na maji ya miwa pia. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, au akiinuka akapata kizunguzungu, anywe mara kwa mara zaidi, na asipoweza apelekwe hospitali.

Shangazi yake anasema tumpe kipande kidogo tu cha chapati, hakitamdhuru.

Mwambieni shangazi kwa adabu kwamba hapana. Wiki ya tatu, nilipokuwa nimekwenda sokoni, jamaa mmoja alimpa shoga yangu kipande cha chapati kisichozidi kiganja cha mtoto, kwa huruma kabisa. Niliporudi nilimkuta ameinama juu ya beseni, mate yanamchuruzika, ameweka mkono kifuani na hawezi kusema. Kilikwama kwa karibu saa nzima kabla hajakitapika. Hakuna aliyemkusudia mabaya, lakini tangu siku hiyo niliandika ratiba ya hospitali kwa herufi kubwa nikaibandika mlangoni mwa jiko, na kila aliyekuja na bakuli alionyeshwa karatasi kwanza. Karatasi humwondolea mgonjwa mzigo wa kukataa, kwani kumkatalia mkubwa wako si jambo jepesi.

Dalili gani zinataka tuondoke usiku huohuo?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Moyo kwenda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika hali amepumzika. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au yanayopanda hadi bega la kushoto. Hizi zinaweza kuwa dalili za mshono kuvuja ndani. Kukosa pumzi ghafla au kuumwa kifua, na mguu mmoja kuvimba na kuuma, ni dalili za damu iliyoganda. Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, na kutapika kila kitu hata maji pia havingoji asubuhi. Ipo na dalili nyingine ambayo ndugu huichukulia kuwa ni uchovu au mambo ya majini: mgonjwa aliyetapika kwa siku nyingi akaanza kuchanganyikiwa, kupepesuka na kuona vitu viwili viwili. Huo ni upungufu wa vitamini B1, na akicheleweshwa ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au iliyo karibu nanyi, mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba amefanyiwa upasuaji wa aina gani na tarehe ipi, na mpigieni simu mpasuaji wake. Karatasi za ruhusa ziwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.

Akiumwa kichwa au mgongo, tununue dawa dukani?

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zisinunuliwe bila idhini ya daktari wake, kwani huweza kuleta vidonda tumboni, hasa kwa aliyefanyiwa aina ya pili. Parasetamoli ndiyo hutumika zaidi. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu apimwe mara kwa mara, maana mahitaji yake hushuka upesi, pengine ndani ya siku chache, na dozi ya zamani inaweza kumwangusha.

Kazi za nyumbani?

Atembee tangu siku ya kwanza, lakini asibebe kizito kwa wiki nne hadi sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Usimwulize kama anataka msaada wa maji; mjazie madumu uondoke.

Alikula tende tatu, akatokwa jasho na moyo ukamwenda mbio. Na Ramadhani je?

Sukari ikiingia kwa wingi katika utumbo mwembamba huvuta maji kutoka mwilini, na ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu hupata jasho, mapigo ya haraka, tumbo kusokota na kuharisha. Wengine hupatwa baada ya saa moja hadi tatu, sukari ya damu inaposhuka kupita kiasi. Hali hii huwapata zaidi waliofanyiwa aina ya pili. Alale kidogo, na safari nyingine tende, halwa, kashata na juisi ya machungwa aziepuke.

Kuhusu saumu, miezi ya mwanzo hawezi kukusanya maji na protini za siku nzima kati ya magharibi na alfajiri. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Tarehe ya kuanza tena aipange na daktari wake pamoja na shehe anayemwamini. Wewe uliyefunga mweke pamoja nawe saa ya futari, asile peke yake jikoni kama mkosaji.

Watu wanauliza amekonda kwa ugonjwa gani.

Swali hili humuumiza kuliko kidonda. Katika mitaa yetu mtu akipungua kilo 30 kwa miezi michache, minong'ono huanza, na wengi wanajua minong'ono hiyo humaanisha nini. Habari za mwili wake ni zake. Muulize mapema angependa useme nini, kisha sema hilohilo kwa kila mtu. Kama hataki lijulikane, "anaendelea vizuri, alhamdulillah" ni jibu linalojitosheleza.

Mbona analia, na nywele zinamtoka?

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita kwa sababu mwili umepata mshtuko wa kupungua haraka, na kwa kawaida huota tena iwapo protini na madini vinatosha. Machozi yana chanzo kirefu zaidi. Chakula kilikuwa faraja yake akiwa na huzuni, na faraja hiyo imeondolewa kwa siku moja. Msikilize bila kumkumbusha kwamba alijitakia mwenyewe. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, akianza kunywa pombe, ambayo sasa humlevya haraka zaidi, au akitamka kuchoka kuishi, mtafutieni mtaalamu wa afya ya akili na msimwache peke yake.

Vipi kuhusu kupata mimba?

Asubiri miezi 12 hadi 18. Uzito unaposhuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi ipasavyo baada ya aina ya pili, kwa hiyo aulize njia nyingine kliniki.

Vidonge vya vitamini ataacha lini?

Hataacha. Vitamini B12, vitamini D, chuma na kalsiamu atavihitaji maisha yake yote, na damu ipimwe kila mwaka. Kalsiamu na chuma visimezwe kwa pamoja, kwa sababu huzuiana. Viachane kwa saa mbili.

Tumealikwa harusini naye. Kwenye sinia itakuwaje?

Sinia la pilau huliwa na watu wanne au watano kwa mwendo mmoja, na mwenye tumbo dogo anayepaswa kutafuna kila tonge mara 20 au zaidi hawezi kwenda nao. Kaa ubavuni mwake. Kabla sinia halijafika, mwombe mpishi kisahani, uweke vipande viwili vya nyama laini na kachumbari kidogo isiyo na pilipili, umsogezee. Mwenye shughuli akija kusema "mbona huli, shoga?", jibu wewe, haraka na kwa tabasamu, kwamba chakula ni kizuri na nyinyi bado mnaendelea.