Sababu ya Kwanza: "kwanza" ya namna gani?

Katika falsafa, sababu ya kwanza ni kile kinachosababisha vingine viwepo ilhali chenyewe hakikusababishwa na chochote. Kama ulimwengu unaihitaji ni jambo lililobishaniwa kwa karne nyingi, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ubishi huo hutokana na neno "kwanza", ambalo hapa hubeba maana mbili.

Maana moja ni ya wakati. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitoa hoja kwamba kila kilichoanza kuwepo kina kisababishi, ulimwengu ulianza, basi nao unacho. (Anayeuliza "na kisababishi hicho kilisababishwa na nani?" hajaisikia hoja vizuri, kwani haisemi kwamba kila kitu kina kisababishi.) Wanaoifuata leo hupenda kuiegemeza kwenye nadharia ya mlipuko mkuu, inayoupa ulimwengu umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Hapo wanakwenda kwa haraka, maana nadharia hiyo hueleza jinsi ulimwengu ulivyotanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa mno, bila kuthibitisha kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu.

Maana ya pili ni ya utegemezi. Tazama taa inayoning'inia kwa mnyororo: pete ya chini imeshikwa na ya juu yake, nayo na nyingine, zote kwa wakati mmoja. Ongeza pete bila kikomo, bado hujaeleza kwa nini taa haianguki, kwa kuwa hakuna pete yenye uwezo wake yenyewe wa kushikilia. Inahitajika ndoano ya darini, na ndoano hiyo ndiyo mfano wa sababu ya kwanza kwa maana hii. Ndiyo maana Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, aliweza kuamini kwamba ulimwengu ni wa milele na papo hapo unategemea kisichoweza kutokuwepo, na Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, akakiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha mwanzo wa ulimwengu, lakini hakuiacha sababu ya kwanza.

Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, katika mjadala wa redio ya BBC mwaka 1948, alijibu kwamba kila binadamu ana mama, ila haifuati kwamba jamii yote ya binadamu ina mama. Kwake, ulimwengu upo tu, basi. Jibu hilo lina nguvu dhidi ya anayeruka kutoka sehemu hadi jumla. Kwa taa halifiki, kwa sababu mtoto huendelea kuishi mama akifa, na pete haibaki juu ndoano ikikatika.

Lakini mfano wa taa nao umekopa kitu kimyakimya: uzito. Tunajua taa huvutwa chini, kwa hiyo kutoanguka kwake kunadai maelezo. Je, kuwepo nako kuna uzito wa namna hiyo? Jiwe likishakuwepo, linahitaji kushikiliwa lisitoweke, au linabaki tu mpaka kitu kilivunje? Anayeshika jibu la pili haoni kazi ya ndoano. Anayeshika la kwanza hatapata nafuu yoyote kwa kuurefusha wakati uliopita.