Tunda la Edeni sio epo jamani

Jana sokoni Mwanjelwa mama mmoja ananipimia maepo ya Njombe, mekundu bado yana majani, akaniambia mwanangu hili ndo lilimponza Hawa. Nikamwambia hapana mama, Mwanzo 3 haitaji epo popote, Kiebrania kinasema peri, yaani tunda tu basi. Epo limetokea Ulaya huko, kwa Kilatini malum ni ubaya na pia ni epo, halafu wachoraji wao wakalichora miaka na miaka hadi tukazoea. Na wanaosema tunda ni tendo la ndoa wasome Mwanzo 1:28, "Zaeni, mkaongezeke" ilishasemwa kabla, tena kama baraka, na dai lao hilo ndo linaniuma zaidi maana linawafanya wanandoa waone aibu bure.