Je, wajua ni nani aliyezikwa ndani ya piramidi ya Balmoral?

Hakuna aliyezikwa humo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba piramidi ya mawe iliyosimama kilimani katika shamba la kifalme la Balmoral, Uskoti, ni kaburi, kwa sababu piramidi nilizozifahamu, zile za Misri, zilijengwa kwa ajili ya maiti. Jina la Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, limechongwa juu yake, lakini yeye alifariki Windsor tarehe 14 Desemba 1861 na amelazwa Frogmore, jirani na huko huko Windsor. Hata Malkia Elizabeth II, aliyefia Balmoral kwenyewe mwaka 2022, alipelekwa Windsor kuzikwa.

Asili yake ni desturi ya watu wa milima ya Uskoti ya kurundika mawe ili kumkumbuka mtu au tukio. Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya watu hao, mtu humwahidi mwenzake, "Nitaweka jiwe juu ya rundo lako," yaani sitakusahau. Husimuliwa pia kwamba askari waliokwenda vitani waliacha jiwe moja moja, ingawa hayo ni masimulizi zaidi kuliko historia. Ukumbusho umo katika kule kuliweka jiwe. Ndiyo maana shamba liliponunuliwa mwaka 1852, Victoria aliweka jiwe la kwanza, akafuata Albert, kisha watoto, na baada ya saa moja hivi Albert akapanda juu kuweka la mwisho. Rundo hilo, kwa makadirio ya malkia, lilifika futi saba au nane.

Rundo la kumkumbuka Albert, yaani ile piramidi, lilikusudiwa kufika futi 35, yaani mita 10 na ushei, juu ya kitako cha futi 40, na hapo ndipo umbo la piramidi linapoeleweka. Ukimwaga mahindi mkekani, chungu hupanda hadi mteremko fulani, kisha kila punje unayoongeza huporomoka na kutanua kitako badala ya kuongeza kimo. Mawe yaliyomwagwa hufanya vivyo hivyo, kwa kawaida kwenye mteremko wa nyuzi 35 hadi 40, kutegemea umbo lake. Vipimo vya Albert vinadai takriban nyuzi 60. Mahindi yale yale yakitiwa magunia na kupangwa ghalani, gunia moja likikalia mawili, husimama wima zaidi, kwa kuwa kila gunia lina kitako bapa kinachoshusha uzito moja kwa moja chini. Vivyo hivyo mawe ya Albert yalihitaji kuchongwa na kupangwa safu kwa safu, kila safu ikiwa fupi kuliko iliyo chini yake.

Hata hivyo desturi haikuachwa. Mwezi Agosti 1862, Victoria alipanda kwenye msingi wa piramidi hiyo pamoja na watoto sita, na kila mmoja akaweka jiwe lake. Herufi za majina yao zingechongwa kuizunguka piramidi, pamoja na za wale watatu ambao hawakuwapo.