Bear ya Devizes, nyumba iliyolishwa na barabara

Anayeanza kujifunza historia ya baa za Uingereza huwa namwanzishia Devizes, mji mdogo wa Wiltshire. Pale sokoni ipo nyumba iitwayo Bear, yaani Dubu, ambayo leseni yake inajulikana tangu 1599. Leseni za namna hiyo zilitokana na sheria ya 1552: aliyetaka kuuza pombe alisimama mbele ya mahakimu wawili, akaweka dhamana kwamba hataruhusu fujo wala michezo iliyokatazwa. Karatasi hizo za dhamana ndizo zinazotupatia sisi watafiti majina ya wenye baa wa kale.

Nikisema "mwenye baa", usidhani jengo ni lake. Mara nyingi amepanga tu. Lakini leseni ina jina lake, na pakiharibika jambo, yeye ndiye anayeulizwa.

Kati ya wote walioishika Bear, moyo wangu uko kwa Thomas Lawrence, aliyeichukua mwaka 1773 akitokea Bristol, ambako pia alikuwa na nyumba ya wageni. Devizes ilikuwa kituo katika barabara ya London kwenda Bath. Matajiri walikwenda Bath kuoga maji ya moto ya chemchemi na kuwatafutia binti zao wachumba, na njiani farasi walibadilishwa, watu wakala, wakalala. Nyumba ya aina hii riziki yake ilianzia zizini. Lawrence alilijua hilo vizuri sana. Uwanda wa Salisbury, ulio kati ya Devizes na mji wa Salisbury, ni mtupu, na theluji ikianguka njia hupotea kabisa. Basi akasimamisha nguzo ndefu, nyeupe, kwa fedha zake mwenyewe, zenye herufi za kumwonyesha msafiri upande wa Devizes na upande wa Salisbury. Kila nikizifikiria nguzo zile namheshimu upya.

Wageni wakishashiba, alimleta mwanawe mdogo, Thomas kama yeye, akawauliza: awasomee mashairi, au awachore? Mtoto akakaa na penseli yake, akiwatazama usoni. Mwandishi Fanny Burney alipita hapo mwaka 1780, akamsifu sana katika shajara yake mvulana huyo wa miaka 10.

Baba alifilisika. Wengi humlaumu kuwa alipenda makuu, nami sikubaliani nao. Nyumba kubwa kama ile ilikula fedha usiku na mchana: nyasi na shayiri za farasi, mishahara ya watumishi, mishumaa, hata siku ambayo hakuna gari lililosimama mlangoni. Familia ikahamia Bath, na mtoto yule ndiye aliyewalisha kwa kuchora watu kwa chaki za rangi. Mwaka 1820 alichaguliwa rais wa Royal Academy, chama cha wasanii mashuhuri huko London.

Pigo la barabara lilikuja 1841, reli ya London hadi Bristol ilipokamilika. Ilipita Chippenham, Devizes ikaachwa pembeni, na magari ya farasi yakakosa abiria. Nyumba nyingi za njia ile zilikufa. Bear ilibaki na soko lake mbele ya mlango, na mwaka 1857 likajengwa ubavuni pake jumba la kuuzia nafaka. Mteja sasa akawa mkulima wa Wiltshire, mwenye vumbi la ngano kwenye koti.